Skonzi Zenye Matunda: Ya Kuangalia Dukani na ya Kuzingatia Jikoni

Skonzi ni mkate mdogo, laini, wenye sukari kiasi, unaoumuliwa kwa hamira kisha ukaokwa. Jina lake tumelipata kwa Waingereza, ingawa skonzi za kwao huumuliwa kwa beking pauda. Katika miji yetu huliwa asubuhi kwa chai, hutiwa katika mikoba ya wanafunzi na huandaliwa kwa ajili ya futari wakati wa Ramadhani. Ikijazwa nanasi, embe, tende au zabibu kavu huwa kitafunwa chenye ladha zaidi, na msimu wa matunda unapofika familia nyingi huona afadhali kuioka nyumbani kuliko kuinunua.

Uamuzi huo ni mzuri. Hata hivyo, skonzi yenye tunda hudai uangalifu kuliko mkate wa kawaida, kwa kuwa inategemea mambo matatu ambayo macho peke yake hayawezi kuyapima: uhai wa hamira, hali ya unga, na kiasi cha maji kilichobaki katika tunda. Mawili ya kwanza huamuliwa dukani, mlaji anapochagua bidhaa na kusoma lebo. La tatu huamuliwa jikoni. Kosa katika hamira hupoteza unga, siagi na mayai ya familia. Kosa katika tunda laweza kumlaza mtoto kitandani kwa kuhara na kutapika. Katika makala haya tunaeleza namna ya kuepuka makosa yote mawili.

Hamira ni kiumbe hai

Hamira ni kuvu wa seli moja. Ikipata unyevu, uvuguvugu na sukari, hula sukari hiyo na kutoa gesi ya kabonidayoksaidi pamoja na kiasi kidogo cha kileo ambacho huyeyuka hewani wakati wa kuoka. Gesi hunaswa ndani ya donge, nalo donge huumuka. Hamira iliyokufa haitoi gesi, na hakuna ukandaji wala joto la jiko litakaloziba pengo hilo.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza la kutazama katika pakiti ya hamira ni tarehe ya mwisho wa matumizi, na la pili ni hali ya pakiti yenyewe. Tarehe iliyoandikwa na kiwanda huhusu pakiti ambayo haijafunguliwa. Hewa, joto na unyevu vikishaingia, tarehe hiyo haina tena dhamana. Pakiti kubwa ya hamira iliyofungwa bila hewa inapaswa kuwa ngumu kama tofali. Ikiwa imelegea, hewa imekwisha kuingia.

Tunatoa tahadhari kuhusu hamira ya kupima, yaani ile inayotolewa katika pakiti kubwa iliyofunguliwa na kugawanywa katika vifuko vidogo visivyo na maandishi. Bei yake huvutia, lakini mnunuzi hajui imetengenezwa na nani, itaisha nguvu lini, wala imekaa wazi kwa muda gani. Kwa anayeoka mara moja kwa wiki, pakiti ndogo iliyofungwa kiwandani ni salama zaidi kwa fedha zake. Ikibaki, ihifadhiwe katika chombo kikavu kinachofungwa barabara, na ikiwezekana ndani ya friji.

Kabla ya kuchanganya unga, hamira yaweza kupimwa kwa dakika 10 tu. Chukua robo kikombe cha maji ya vuguvugu, kijiko kimoja cha chai cha sukari na kijiko kimoja cha chai cha hamira. Koroga, funika, uache mahali pasipo na upepo. Povu likipanda juu, hamira ni hai, na mchanganyiko huo utumike katika donge kwa kupunguza maji na hamira hiyo kwenye vipimo. Povu lisipotokea, usiongeze kijiko cha pili cha hamira ile ile, badilisha pakiti.

Joto la maji nalo ni la kuangaliwa. Hamira hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi joto 25 na 35, na hufa joto linapofikia nyuzi 55 hadi 60. Asiye na kipimajoto adondoshe tone la maji upande wa ndani wa kiganja, penye mshipa: likimuunguza, litaiunguza na hamira.

Mlaji asichanganye hamira na beking pauda, ambazo mara nyingi hupangwa katika rafu moja. Beking pauda ni mchanganyiko wa kemikali unaotoa gesi mara tu unapolowana na kupata joto. Hauhitaji kusubiriwa saa nzima, wala hautoi harufu na ulaini wa mkate ulioumuka. Kimoja hakishiki nafasi ya kingine katika kanuni ya upishi.

Unga: aina yake na kilichoongezwa ndani yake

Unga wa ngano una protini ambazo, zikilowana na kukandwa, huunda utando wa kunyumbuka uitwao gluteni. Utando huo ndio unaonasa gesi ya hamira. Unga wenye protini nyingi, ambao mara nyingi huandikwa kuwa ni wa mikate, hufaa zaidi kwa skonzi. Unga wa matumizi yote nao hufaa, mradi ukandwe vya kutosha. Unga ambao tayari umetiwa beking pauda kiwandani haufai kutumiwa pamoja na hamira. Soma orodha ya viambato kabla ya kulipa.

Kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2011 za kuongeza virutubishi kwenye vyakula, unga wa ngano unaosagwa viwandani nchini Tanzania huongezwa madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. Madini ya chuma husaidia kuzuia upungufu wa damu. Asidi ya foliki, ikipatikana kabla ya ujauzito na katika wiki zake za mwanzo, hupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na tatizo la mgongo wazi. Unga usio na lebo, unaopimwa kutoka katika gunia lililofunguliwa, humnyima mlaji uhakika wa kupata virutubishi hivyo. Aidha, humnyima jina la mzalishaji, tarehe na alama ya ubora ya TBS, vitu anavyovihitaji endapo atakuwa na lalamiko.

Yapo pia mauzo ya viboresha mkate, yaani unga mweupe unaosemekana kuifanya mikate iwe mikubwa zaidi. Tunamshauri mlaji asinunue kiboresha chochote kisichoandikwa viambato vyake. Kemikali mojawapo iliyotumika duniani kwa kazi hiyo ni potasiamu bromati. Mwaka 1999 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka katika kundi 2B, kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu, na Uingereza ilikuwa imekwisha kuipiga marufuku mwaka 1990. Skonzi za nyumbani hazihitaji kiboresha. Dakika 10 za kukanda na saa moja na nusu za subira zinatosha.

Jambo jingine ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba unga mbichi si chakula kilicho tayari kuliwa. Ngano hutoka shambani, na usagaji hauui bakteria. Mwaka 2016 nchini Marekani, mlipuko wa ugonjwa uliosababishwa na bakteria wa E. coli ulihusishwa na unga wa ngano, na miongoni mwa waliougua walikuwamo watu waliokuwa wamekula au kushika donge bichi. Donge la skonzi lina pia yai bichi. Watoto wasiachwe walambe bakuli, na kila aliyekanda anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula kingine.

Jemu ya dukani: namna ya kuisoma

Anayetumia jemu ya dukani aanze na orodha ya viambato. Kwa utaratibu wa uwekaji lebo unaofuatwa kimataifa, viambato hupangwa kwa uzito, kikubwa kikitangulia. Chupa ambayo orodha yake huanza na sukari na maji, kisha tunda likatajwa karibu na mwisho, ina tunda dogo, hata kama picha ya mbele imejaa mananasi. Maneno "ladha ya embe" hayana maana sawa na neno "embe": bidhaa yenye ladha ya tunda yaweza kuwa haina tunda lenyewe.

Kiwango cha Codex cha jemu, kilichopitishwa mwaka 2009, kinataka viyeyuko, ambavyo sehemu yake kubwa ni sukari, viwe asilimia 60 hadi 65 au zaidi. Kiasi hicho si cha utamu pekee. Sukari nyingi hufunga maji, na vijidudu vikikosa maji huru haviwezi kustawi. Ndiyo sababu jemu hukaa muda mrefu kuliko tunda lililopondwa, na ndiyo sababu jemu iliyotangazwa kuwa na sukari kidogo huhitaji friji baada ya kufunguliwa. Jemu nyepesi inayotiririka haifai kujazia skonzi: itachuruzika, itaungua kwenye trei na kulowesha mkate kwa ndani.

Usinunue chupa ambayo kifuniko chake kimevimba au kimelegea, wala kopo la matunda lililovimba, linalovuja, lenye kutu au lililobonyea penye maungio. Punguzo la bei kwa kopo la namna hiyo si nafuu.

Tunda likiingia jikoni

Anayependa kutumia tunda bichi, kwa mfano nanasi la Kiwangwa au embe la msimu, anakabiliwa na matatizo mawili.

La kwanza ni vimeng'enya. Nanasi bichi na papai bichi vina vimeng'enya vinavyokata protini. Ndiyo sababu wapishi wetu hutumia papai kulainishia nyama. Katika donge, vimeng'enya hivyo hukata gluteni, donge likawa bwete, lenye kunata, lisiloshika gesi. Joto la kuchemsha huviharibu. Hivyo nanasi na papai vichemshwe kabla ya kukutana na donge. Tende na zabibu kavu hazina tatizo hilo.

Tatizo la pili ni maji. Takriban asilimia 86 ya uzito wa nanasi ni maji. Vipande vibichi vikifungwa ndani ya donge, maji hayo hugeuka mvuke, hupasua skonzi, na yanayobaki huacha tabaka la unga mbichi kulizunguka tunda. Tabaka hilo lenye unyevu, vuguvugu na sukari kidogo ndilo makao ya vijidudu. Dawa yake ni kulichemsha tunda pamoja na sukari hadi liwe rojo nzito.

Kwa skonzi 12 tunapendekeza gramu 500 za nanasi lililomenywa na kukatwakatwa vipande vidogo, gramu 150 za sukari na kijiko kimoja cha chakula cha maji ya ndimu. Chemsha kwa moto mdogo, bila kifuniko, ukikoroga mara kwa mara, kwa dakika 30 hadi 40. Rojo iko tayari pale mwiko unapopita chini ya sufuria na kuacha njia isiyojifunga papo hapo. Mwenye mizani ana kipimo cha uhakika zaidi: mchanganyiko ulioanza ukiwa na gramu zipatazo 650 unapaswa kupungua hadi gramu 340 hivi. Nanasi huchangia takriban gramu 70 za vitu visivyo maji, na sukari gramu 150. Jumla 220 ndani ya gramu 340 ni karibu asilimia 65. Rojo ya namna hiyo haitachuruzika. Mdalasini, kwa anayeupenda, utiwe humu, usitiwe katika donge, kwa kuwa mdalasini mwingi huidhoofisha hamira.

Rojo ipoe kabisa kabla ya kutumiwa. Isipotumika siku hiyo, iwekwe katika chombo safi chenye kifuniko ndani ya friji. Haijafungwa kitaalamu kama jemu ya kiwandani, kwa hiyo isiachwe kabatini kwa wiki nzima.

Tende hazina kazi kubwa. Toa kokwa, ponda gramu 300 kwa vijiko vichache vya maji ya moto, basi. Hazihitaji kuongezwa sukari. Kokwa zihesabiwe kwa makini, kwani kokwa moja iliyosahaulika huweza kumvunja mtu jino au kumkaba mtoto.

Vipimo na namna ya kuoka

Kwa skonzi 12 chukua gramu 500 za unga, gramu 60 za sukari, gramu 7 za hamira, yaani vijiko viwili vya chai na robo, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, nusu kijiko cha chai cha hiliki iliyosagwa, gramu 60 za siagi, yai moja, na mililita 240 za maziwa au tui la nazi. Maziwa mabichi yachemshwe kwanza kwa ajili ya usalama, kisha yapoe hadi vuguvugu. Tunashauri kutumia mizani pale inapowezekana, kwa kuwa kikombe kimoja cha unga huweza kutofautiana sana kwa uzito kutegemea umeshindiliwa kiasi gani.

Usiongeze sukari katika donge zaidi ya hapo kwa nia ya kuongeza utamu. Sukari nyingi huvuta maji kutoka katika seli za hamira na kuzipunguzia kasi. Utamu utoke katika rojo. Changanya vitu vyote isipokuwa siagi, kanda kwa dakika 5, ongeza siagi kidogo kidogo, kisha kanda dakika 5 hadi 10 zaidi. Donge liko tayari likivutwa polepole na kuwa jembamba bila kukatika upesi.

Funika donge kwa kitambaa safi chenye unyevu hadi liwe maradufu. Katika joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa saa moja yaweza kutosha. Katika baridi ya Mbeya au Njombe, saa mbili au zaidi. Fuata ukubwa wa donge, usifuate saa. Ligawe mara 12, kila kipande kikiwa na gramu 75 hivi. Tandaza kipande kiganjani, kingo zikiwa nyembamba kuliko katikati, weka kijiko kimoja cha chakula cha rojo, kusanya kingo na kuzifinya zishikane barabara. Laza skonzi katika trei iliyopakwa mafuta, upande uliofinywa ukiwa chini. Ziache ziumuke tena kwa dakika 30 hadi 40.

Oka katika oveni yenye nyuzi joto 180 kwa dakika 20 hadi 25, hadi juu ziwe na rangi ya kahawia na chini zisiwe nyeupe. Asiye na oveni hutumia sufuria nzito yenye mchanga mkavu chini, trei ikaegemezwa juu ya mchanga, na makaa juu ya kifuniko. Njia hiyo hufaa, mradi makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Ifanyike nje au mahali penye hewa ya kutosha. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, inayoua katika chumba kilichofungwa; jiko la mkaa lisiingizwe ndani kwa ajili ya kuumulia donge wala kupasha chumba moto.

Skonzi isiliwe mara tu itokapo jikoni. Rojo yenye sukari huhifadhi joto kuliko mkate, na huunguza ulimi wa mtoto wakati mkate kwa nje umekwisha kupoa. Subiri angalau dakika 20.

Kwa vipimo hivi, kila skonzi yenye rojo ya nanasi ina takriban gramu 17 za sukari iliyoongezwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, kiasi ambacho kwa mtu mzima wa kawaida ni gramu 50 hivi, na linaeleza kuwa kupunguza hadi gramu 25 kuna manufaa zaidi. Skonzi mbili na chai yenye vijiko viwili vya sukari hukaribia kukimaliza kiwango cha juu. Mwenye kisukari azihesabu skonzi hizi katika mpango wake wa chakula, hata zile za tende.

Kuhifadhi, na dalili za kuharibika

Skonzi zifungwe baada ya kupoa kabisa. Zikifungwa zingali na joto, mvuke hugeuka matone, na matone huzaa ukungu. Zilizojazwa rojo nzito au tende huweza kukaa mezani, ndani ya chombo safi chenye kifuniko, kwa siku moja hadi mbili. Zilizojazwa krimu, kastadi au tunda lisilopikwa zisikae nje zaidi ya saa mbili. Mahali pake ni friji yenye nyuzi joto chini ya 5, na zisitiwe katika mkoba wa mwanafunzi. Friji huufanya mkate ukakamae upesi, kwa hiyo anayetaka kuweka akiba ya skonzi za rojo azigandishe, kisha azipashe moto siku ya kuzila.

Skonzi yenye ukungu itupwe yote. Kuondoa sehemu ya kijani hakutoshi, kwa kuwa nyuzi za ukungu hupenya ndani bila kuonekana.

Kuna uharibifu mwingine ambao haufahamiki sana, nao hupenda joto na unyevu kama wa mwambao wetu. Baadhi ya bakteria wa jamii ya Bacillus huacha mbegu zinazostahimili joto la kuoka. Mkate ukikaa katika hali ya joto, mbegu hizo huamka, na ndani ya mkate hulowa, hunata na kuvutika kama uzi. Dalili yake ya kwanza ni harufu tamu ya tunda lililoiva kupita kiasi, na mara nyingi watu huifananisha na harufu ya nanasi. Hapa ndipo skonzi ya tunda inapomdanganya mlaji: huidhani harufu hiyo kuwa ya rojo. Kwa hiyo skonzi ya jana ifunguliwe kwa mkono kabla ya kupewa mtoto. Mkate ukivutika nyuzi au ukinata vidoleni mbali na penye rojo, utupwe, na vyombo, meza na vitambaa vioshwe vizuri kabla ya kuoka tena.

Kwa anayeoka ili kuuza

Skonzi zinazotoka nyumbani kwenda shuleni, ofisini au katika genge la jirani huwa bidhaa, na mwokaji huwa mzalishaji mwenye wajibu. Anayekula ana haki ya kujua kuwa ndani mna ngano, maziwa na yai, na kama karanga zimetumika, kwa kuwa wapo watu ambao miili yao haivipokei. Ana haki pia ya kujua zimeokwa siku gani. Kipande cha karatasi chenye jina la mwokaji, viambato na tarehe ni mwanzo mzuri. Anayekusudia kukuza biashara aanze kwa kutembelea ofisi ya SIDO ya mkoa wake, inayotoa mafunzo kwa wasindikaji wadogo, na aulize taratibu za usajili wa jengo na uthibitisho wa ubora katika ofisi ya TBS iliyo karibu. Tangu mwaka 2019, usalama wa chakula Tanzania Bara umekuwa chini ya shirika hilo.

Bidhaa ikiwa na kasoro

Mlaji akifungua hamira ambayo haijafikia tarehe yake na kukuta haifanyi kazi, au akikuta wadudu ndani ya unga uliofungwa kiwandani, asiitupe pakiti. Pakiti ndiyo ushahidi. Aihifadhi pamoja na risiti, apige picha ya tarehe na namba ya toleo, kisha airudishe kwa muuzaji na kudai bidhaa nyingine au fedha zake. Muuzaji akikataa, suala la ubora na usalama hupelekwa TBS. Upungufu wa uzito ni wa Wakala wa Vipimo, na maelezo ya uongo juu ya lebo huhusu Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Bidhaa iliyopita tarehe ikionekana ingali rafuni, mlaji atoe taarifa hata kama hakuinunua, kwa kuwa mnunuzi anayefuata huenda asisome.

Tunamkumbusha mlaji, kabla ya kuondoka dukani, asome tarehe ya hamira, viambato vya unga na orodha iliyo nyuma ya chupa ya jemu. Kabla ya kuwasha jiko, aipime hamira kwa maji ya vuguvugu na ahakikishe rojo imekauka kiasi cha mwiko kuacha njia. Dakika chache hizo ni gharama ndogo kuliko kilo ya unga iliyopotea au usiku mmoja wa kumuuguza mtoto.